Maswali ya Wasomaji: Alonso Cano, mchoraji au mchongaji?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Alonso Cano wa Hispania alikuwa mchoraji na pia mchongaji. Je, ipi hasa ndiyo iliyokuwa kazi yake? Tena, ni kweli kwamba alimwua mkewe?

JIBU: Ndugu msomaji, zote mbili zilikuwa kazi zake, na hilo ndilo linalomtofautisha na wenzake. Katika Hispania ya karne ya 17, sanamu ya mti kwa kawaida ilipitia mikono ya mafundi wawili: mchongaji aliichonga, kisha mchoraji akaipaka rangi ya ngozi na ya mavazi. Cano, aliyezaliwa Granada mwaka 1601, alikuwa mtoto wa fundi wa altare, na mwaka 1616 aliingia katika karakana ya mchoraji Francisco Pacheco mjini Sevilla, ambako Velázquez, aliyekuja kuwa mchoraji mashuhuri wa Hispania, naye alikuwa akijifunza. Patasi na brashi alizizoea tangu ujana.

Matunda ya malezi hayo yanaonekana vizuri zaidi katika sanamu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, aliyoichonga mwaka 1655 na 1656 kwa ajili ya Kanisa Kuu la Granada. Ni ndogo, yapata nusu mita tu. Miguuni ni nyembamba, katikati joho la buluu linatanuka, kisha umbo linapungua tena kuelekea kichwani; viganja vilivyokutanishwa vimeelekea upande mmoja, na uso ulioinama kidogo umeelekea upande wa pili. Ilikusudiwa kusimama juu ya kinara cha vitabu vya kwaya, lakini wakuu wa kanisa waliipenda mno hata wakaihamishia sakristia (chumba cha kuhifadhia mavazi na vyombo vya ibada), na Cano akawachongea nyingine, ya Bikira na Mtoto.

Kuhusu mkewe, aliuawa Madrid mwaka 1644. Cano alishukiwa, akateswa, lakini hatimaye akaachiliwa. Kwa hiyo si haki kumwita mwuaji.

Ukiniuliza mimi, uchongaji wake unazidi uchoraji, ingawa picha saba kubwa za maisha ya Maria alizochora kwa ajili ya kanisa hilohilo zinastahili heshima kubwa. Na usiusahau usanifu majengo: mwaka 1667, mwaka aliofariki, ndipo alipobuni uso wa mbele wa kanisa hilo.