Kuongoza matembezi ya treni: panga kuanzia treni ya kurudi

Katika matembezi ya kushuka treni kituo kimoja na kutembea kwa miguu hadi kingine, anayeongoza kundi kwa mara ya kwanza hukimbilia ramani. Shika kwanza ratiba ya treni ya kurudi. Kwenye reli ya Settle hadi Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, treni hupita kila baada ya saa mbili hivi, na Jumapili huwa chache zaidi. Ukichelewa dakika tano, adhabu yake ni saa mbili za kukaa kwenye baridi.

Tuchukue njia ya kati ya vituo vya Dent na Ribblehead kupitia kilima cha Blea Moor, ambayo ni kama kilomita 13. Wapo wanaoitembea kuanzia Ribblehead, na hapo ndipo wanapojitafutia taabu. Dent ndicho kituo cha juu kuliko vyote kwenye reli kuu za England, mita 350 hivi, na barabara ya kukifikia kutoka bondeni Lea Yeat ni mlima mkali wa zaidi ya mita 100. Kijiji chenyewe cha Dent kiko zaidi ya kilomita 6 kutoka kituoni. Mlima huo usiuache uwe wa mwisho, watu wamechoka na treni inakaribia. Anzia Dent, uteremke mlima huo asubuhi magoti yakiwa mazima, upande Blea Moor kabla ya chakula, umalizie Ribblehead, ambako kuna baa hatua chache kutoka kituoni.

Hesabu ya muda hutumia kanuni ya Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 13 na kupanda mita 300 ni saa tatu na dakika chache. Hiyo ni ya mtu mmoja mkakamavu. Kwa kundi ongeza theluthi, kisha nusu saa ya kula, kisha ngazi za kuvukia kuta za mawe. Hizi ngazi ndizo zinazowaponza wageni wa kazi hii: anapita mmoja mmoja, na kila mtu huchukua sekunde 20 hadi 30, na mwenye fimbo mbili huchukua zaidi. Watu 20 ni hadi dakika kumi kwa ngazi moja. Ukivuka wewe ukaendelea na mwendo wako, wa mwisho atalazimika kukimbia. Vuka, tembea hatua hamsini, simama. Na anayefunga msafara akikufikia, usiondoke hapo hapo. Yeye naye anataka kupumua.

Acha pia robo saa chini ya daraja la Ribblehead. Lina matao 24 na hakuna atakayepita bila kupiga picha. Jumla inakaribia saa tano na nusu. Kwa treni ya 16:30, yaani saa kumi na nusu jioni, muwe mmeanza saa tano asubuhi. Desemba giza huingia kabla ya muda huo, basi chagua njia fupi.

Kwa wanaokuja kutoka kusini, upande wa Settle, tiketi ya kwenda na kurudi ikatwe hadi Dent, kituo kilicho mbali zaidi. Ya Ribblehead haitoshi. Soma masharti kama ni ya punguzo. Treni ikiingia kwenye handaki la Blea Moor, kila mtu avae begi na asogee mlangoni. Wahesabu kwenye jukwaa kabla treni haijaondoka.

Usitegemee simu bondeni, mtandao hukatika. Beba ramani ya karatasi ya 1:25,000 na filimbi: mipulizo sita kwa dakika, unatulia dakika moja, unarudia. Mtu akiumia, piga 999, omba polisi, kisha waokoaji wa milimani, ukiwa tayari na namba za mahali mlipo kwenye ramani. Akichoka tu, arudishwe mapema na watu wawili wenye ratiba mkononi, kabla hamjaanza kupanda Blea Moor. Ukishafika juu, kurudi Dent na kwenda Ribblehead ni karibu umbali uleule.