H au X kwenye ekzosi ya pikapu ya mzigo?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Tundra ya petroli, V8 ya lita 4.7, nabebea asali kutoka Sikonge kuleta Tabora mjini. Ekzosi ilishabadilishwa, kila upande una bomba lake mpaka nyuma. Sauti inakwaruza, na mzigo ukijaa gari inaondoka kwa uvivu. Fundi mmoja anasema mabomba yaunganishwe katikati kwa umbo la H, mwingine X. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba. Weka H.

Injini yako inachoma kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda za namba witiri ziko upande mmoja, za shufwa upande wa pili. Sasa angalia: 8 na 4 zinafuatana, tena upande uleule. 5 na 7 vilevile. Bomba moja linapokea moshi wa silinda mbili mfululizo huku mwenzake likiwa halina kazi, na huko kukwaruza kunatokea hapo. Ukiweka daraja katikati, yaani kile kibomba cha kuunganisha, moshi unapata pa kupumulia.

X huchanganya moshi vizuri zaidi, ila faida yake huonekana injini ikizungushwa juu sana, na sauti huwa nyembamba kama ya gari la mashindano. Wewe na ndoo zako za asali hamfiki huko. Halafu X hubanana na giaboksi na propela. Ikining'inia chini, nyasi kavu za kiangazi zinakwama juu yake. Nimeshazima moto wa namna hiyo porini, sina hamu tena.

Nguvu itakayoongezeka ni kidogo. Kama gari ni zito kweli, kagua kwanza masega (siyo ya asali!), yaani yale ya kusafishia moshi ndani ya ekzosi, huenda yameziba.

Pa kuweka daraja ndipo wengi wanapokosea. Piga mstari wa rangi ya kawaida juu ya kila bomba kuanzia karibu na manifoldi (pale moshi unapotokea kwenye injini) kwenda nyuma, kisha endesha mpaka ekzosi ipate moto hasa. Rangi inapoacha kuungua, chomelea hapo. Pakiwa mbele ya masega na sensa za oksijeni, rudi nyuma yake, la sivyo kompyuta itasoma moshi wa pande mbili uliochanganyika.

Na daraja lifungwe kwa flenji na bolti. Siku ya kushusha giaboksi utanikumbuka.