Mkadi ukilala, mjusi hana pa kwenda

Mwaka 2006 nilikuwa na miaka 19, niko nyumbani Matombo, Morogoro, sina kazi wala shamba la kwangu. Akaja mtu mmoja, akatuambia vijana kwamba ananunua mijusi wa bluu wa msitu wa Kimboza, ila anawataka wakiwa hai. Bei ya mmoja haikufika hata ya soda. Tukakubali mara moja. Mjusi ni nani kwetu? Akipita ukutani anapondwa kwa kandambili.

Nakuandikia wewe kijana wa vijiji vya pembezoni mwa Kimboza, kwa sababu ipo siku atakuja mtu kukuuliza tulichoulizwa sisi.

Mjusi huyu makazi yake ni mkadi. Watu wa Pwani wanaujua mkadi kwa maua yake yanayotiwa kwenye kikuba. Wa Kimboza ni ndugu yake: mti mwembamba, na majani yake marefu yenye miiba pembeni yamejikusanya juu kabisa, kileleni. Kuupanda ni kuchanika, kwa hiyo tuliukata. Wa kwanza nauona mpaka leo. Panga mbili, dakika chache, ukalala. Maji ya mvua yaliyotuama kwenye makwapa ya majani yakatumwagikia miguuni, akatoka chura, wakatoka na mijusi. Dume mmoja, bluu ya kung'aa, koo jeusi, tumbo la chungwa. Majike wana rangi ya kijani iliyofifia, kama shaba. Tukawatia kwenye chupa za maji tulizozitoboa. Kwenye jani moja yalibaki mayai mawili meupe, madogo kama punje za mbaazi, yamegandia pale. Hatukuyagusa, hayakuwa na bei.

Asubuhi nusu ya mijusi wangu walikuwa wamekufa. Mnunuzi alilipa wazima tu.

Baadaye sana ndipo nilipoelewa tulichokuwa tunafanya. Kwa kawaida kila mkadi una dume mmoja mkubwa, na majike wake na watoto. Ukiukata huondoki na mijusi watatu tu, umevunja nyumba ambayo hata mjusi wa jirani hawezi kuihamia. Na msitu wenyewe ni wa hekta 400 hivi. Watafiti walikadiria kwamba kundi moja tu la wakamataji lilichukua kati ya mijusi 32,310 na 42,610 tangu Desemba 2004 mpaka Julai 2009. Niliposoma namba hizo nilikumbuka zile chupa. Mwaka 2012 mjusi huyu akawekwa kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Duniani kote, porini anapatikana hapa kwetu Morogoro tu, kwenye vipande vichache vya msitu.

Kwa hiyo akija mtu na ahadi ya hela, usimwoneshe hata njia. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na tangu 2017 mjusi huyu yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, maana yake biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini hairuhusiwi. Atakayelala mahabusu ni wewe uliyeshika panga, mwenye gari atakuwa ameshaondoka. Toa taarifa kwa serikali ya kijiji au kwa maofisa wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu.

Ila kutokamata hakutoshi, na hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Moto wa shamba unaua mikadi kimyakimya. Shamba lako likipakana na msitu, lima kwanza njia ya kuzuia moto, subiri upepo utulie, na usichome peke yako. Mimi huwaita majirani wawili na ndoo za maji, hata kwa kaeneo kadogo.

Halafu kuna msederela. Ni mti wa kuletwa kutoka Amerika, mbao zake nzuri, lakini mbegu zake zina mabawa, upepo unazipeleka msituni, na miche yake inakua upesi kuliko miti ya asili. Ukiuona mche shambani kwako ung'oe na mizizi ungali mdogo, maana ukiukata tu utachipua. Ndani ya hifadhi usiingie na jembe bila ruhusa.

Nanyi ndugu zetu mlioko Ulaya, mkiwaona mijusi hawa wanauzwa, ulizeni karatasi za kuonesha kwamba wamezaliwa wakiwa wamefugwa. Muuzaji akisitasita, msinunue, hata kwa kumwonea huruma mnyama. Nafasi yake itajazwa na mwingine kutoka huku.

Kama unataka kumwona, njoo kwa utaratibu, na mwenyeji. Chagua asubuhi jua likishapiga majani. Simama mbali kidogo na mkadi, usiutikise, tulia. Atajitokeza dume, atatikisa kichwa mara mbili tatu kukuonya kwamba hapo ni kwake, kisha ataendelea kuota jua.