Jibu: Kunakili kwenda diski ya nje kunaanza mbio, kisha kunakwama

Pole sana kaka. Umesema picha za harusi GB 60 zinaanza kwa MB 300 kwa sekunde, kisha zinashuka hadi MB 1. Ile kasi ya mwanzo usiiamini: Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yako, hupokea data kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwanza, diski inaandika baadaye.

Anza na amri `lsusb -t` kwenye terminal; inaorodhesha vifaa vya USB na kasi ya kila kimoja (M hapa ni megabiti kwa sekunde, si MB). Tazama mstari wa diski yako. Ukiona 5000M, hiyo ni USB 3.0, waya hauna neno. Ukiona 480M, imeshikwa kama USB 2.0, hapo MB 30 hadi 40 ni kawaida. Ikisoma 12M, shuku waya au tundu la USB. Mimi hapa Ngamiani nilihangaika siku mbili, kumbe kichwa cha waya kimeota kutu ya kijani; chumvi ya bahari hii ya Tanga haina huruma. Nilibadilisha waya, ikapona.

Waya ukiwa mzima, nakili huku amri `dmesg -w`, inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo, iko wazi pembeni. Ikitoka "I/O error" (hitilafu ya kusoma au kuandika), diski hiyo usiikabidhi picha za watu, na za kwenye laptopu usifute hata moja. Harusi hairudiwi. Tuletee hapa majibu ya `lsusb -t` tuyatazame.