Urafiki na Myahudi kazini

Ndugu yangu, umeuliza utajengaje urafiki na Myahudi mnayefanya naye kazi, nawe si wa dini yake na unaogopa kumkwaza. Hofu hiyo ni ya heshima, ila isikufunge mdomo. Anza na yale mnayoshirikiana tayari: kazi, watoto, mpira. Dini itakuja yenyewe.

Fahamu mapema habari ya Sabato. Huanza Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku, na wanaoishika kikamilifu hawapokei simu wala kuendesha gari. Asipopokea, usidhani amekasirika. Muulize tu, maana Wayahudi wanatofautiana sana: wapo wanaoshika kila sheria, na wapo wasiosali kabisa.

Chakula nacho. Anayefuata kosha, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, hali nguruwe, hachanganyi nyama na maziwa, na huenda asile hata mboga zilizopikwa kwenye sufuria yako. Hakudharau. Mwambie akuchagulie cha kuandaa.

Ninalokusihi kwa moyo wote ni hili: usimfanye msemaji wa serikali ya Israeli. Habari mbaya ikitoka, usimdai maelezo, mjulie hali. Wala usimkaribie ukiwa na nia ya siri ya kumbadili dini. Hispania mwaka 1492 Wayahudi waliambiwa wabatizwe au waondoke, na machungu ya namna hiyo hayasahauliki upesi. Rafiki wa kweli humwacha mwenzake alivyo.

Akikualika mezani kwao Ijumaa jioni, nenda. Wakiimba na kubariki mkate, sikiliza, kisha uliza maswali yako yote.