Podikasti ya kusikiliza, podikasti ya kutazama: majibu kwa wasomaji wa Arusha na Moshi

Mwezi huu karibu barua zote zinazunguka jambo moja: podikasti zinageuka kuwa video, na teknolojia mpya za utiririshaji zinakuja na ahadi nyingi. Nimechagua barua nane. Nimezifupisha, ila swali la kila mtu nimeliacha kama alivyoliuliza.

Nina podikasti ya sauti kuhusu kilimo cha mboga. Vijana wananiambia nisipoweka video nitapotea. Wasikilizaji wangu ni wachache lakini hawaniachi. Nifanyeje? (Mkulima, Ngaramtoni)

Usikimbie, mkulima mwenzangu. Hao vijana wana hoja. Februari 2025 YouTube walitangaza kwamba watu zaidi ya bilioni 1 kwa mwezi wanafuata podikasti kwenye jukwaa lao. Mtu anayetafuta kipindi kipya leo hukutana nacho kwa macho kabla ya masikio.

Lakini jiulize msikilizaji wako yuko wapi anapokusikiliza. Kama ameshika jembe, hawezi kukutazama. Na kwenye programu ya kawaida ya YouTube ya bure, ukizima skrini sauti nayo inakatika. Alime huku simu inawaka mfukoni? Chaji itakwisha kabla hajamaliza tuta la pili.

Halafu kuna bando. Kipindi cha saa moja cha maongezi, kwa sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde, kinakula kama MB 29. Saa hiyohiyo kwa video ya 720p, yaani picha ya ubora wa kati, tukichukua megabiti 2 kwa sekunde, inakula MB 900. Anayetazama kipindi chako kimoja angeweza kusikiliza vipindi 31 kwa bando lilelile. Anayeunga bando la siku kwa hesabu anaijua tofauti hiyo kuliko mimi na wewe.

Kwa hiyo kipindi kizima kibaki sauti. Video tengeneza fupi, dakika mbili au tatu, kwa kitu kisichoelezeka kwa mdomo. Kantangaze akishaingia kwenye nyanya, eleza utakavyoeleza, mtu anataka aone jani lilivyotobolewa. Mwonyeshe hapo, kisha mwambie kipindi kizima kinapatikana wapi.

Shikamoo. Huu utiririshaji unaosemwa ni mpya unatofautianaje na kupakua? Wanafunzi wameniuliza nikababaika. (Mwalimu, Majengo, Moshi)

Marahaba, mwalimu. Wapeleke kwa mawazo soko la Mbuyuni, kwa mama anayeuza ndizi. Kupakua ni kununua mkungu mzima na kuubeba nyumbani ndipo uanze kula. Kutiririsha ni kupewa chane moja, unaila, unapewa ya pili, hadi ushibe au uondoke.

Njia inayotumika sana inaitwa HLS, ilitolewa na Apple mwaka 2009. Nyingine ni DASH, iliyochapishwa 2012. Zote mbili zinakata kipindi katika vipande vidogo, mara nyingi vya sekunde 6 hivi. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi na kutuma kipindi, inakiweka kipindi kilekile katika mikungu kadhaa: mkubwa wenye picha safi, wa kati, mdogo, na mwingine wa sauti tupu. Simu inapima kasi ya mtandao kila baada ya kipande na kuchagua chane ambayo mtandao huo unaweza kuibeba. Ndiyo maana picha huwa safi, ghafla inakuwa na ukungu, kisha inarudi. Hapo simu imeamua kushuka ili kipindi kisigande.

Sasa upya uko wapi, maana 2009 ni zamani? Upya uko kwa podikasti yenyewe, kwa sababu ilizaliwa kama mkungu mzima. Mwishoni mwa mwaka 2000 Dave Winer aliongeza kwenye mlisho wa RSS, yaani orodha ya vipindi ambayo programu za kusikilizia huisoma zenyewe, sehemu ya kuambatisha faili la sauti, na Juni 2005 Apple wakaingiza podikasti kwenye iTunes. Utaratibu ukawa kipindi kimoja, faili moja, saizi moja kwa wote. Kwa sauti ilitosha kabisa. Kwa video lilikuwa gunia la mawe, kwa hiyo video ikahamia kwenye majukwaa makubwa yenye mitambo yao.

Kinachobadilika sasa ni kwamba mlisho uleule unaweza kubeba kipindi katika maumbo mengi. Mradi wa Podcast Index, ulioanzishwa na Adam Curry na Dave Jones mwaka 2020, umeweka alama ya kufanya hivyo ndani ya RSS: sauti nyepesi, MP3 ya kawaida, na video ya vipande, vyote chini ya kichwa kimoja cha kipindi. Mtu aanze kutazama kwenye WiFi ya ofisini, apande Hiace ya kwenda Marangu, aendelee na sauti tupu kutoka sekunde ileile. Si programu zote za kusikilizia zinaikubali alama hiyo. Lakini mlango uko wazi, na mwenye podikasti ndogo anaweza kuupita bila kumwomba mtu ruhusa. Hilo linanifurahisha kuliko picha safi yoyote.

Mimi ni mpagazi njia ya Marangu. Mtandao siku hizi unafika Horombo. Bado nina haja ya kupakua vipindi kabla ya kupanda? (Himo)

Pakua. Ni kweli, Agosti 2022 TTCL waliwasha intaneti Horombo, kambi ya Kilimanjaro iliyo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na ni jambo la kujivunia. Ila kati ya kambi na kambi unajua mwenyewe, na baridi ya kule inamaliza betri haraka. Simu inayotafuta mtandao kila dakika inaimaliza upesi zaidi.

Na si mlimani tu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na Tanzania nzima ikaonja intaneti ya kukwama. Siku zile mwenye vipindi kwenye simu yake aliendelea kusikiliza, na wa kutiririsha akabaki anatazama kiduara kinazunguka. Kila programu ya podikasti unayofikiria kuitumia, ijaribu kwanza hapo: je, inakuruhusu kuweka kipindi kwenye simu ukakisikiliza bila mtandao? Kama hairuhusu, usiizoee.

Tunarusha ibada mubashara. Ndugu zetu walio ng'ambo wanalalamika tunachelewa, na Jumapili iliyopita picha iliganda mara nne. Tununue kamera nyingine? (Katibu wa kwaya, Kibosho)

Hapana, kamera haina kosa. Kuchelewa kunatokana na vile vipande. Mtambo unasubiri kipande kikamilike, unakituma, na simu ya mtazamaji huweka akiba ya vipande vitatu hivi kabla ya kuanza kucheza. Ukijumlisha unapata sekunde 20 hadi 30. Mwaka 2019 Apple walitangaza HLS ya kuchelewa kidogo, na WebRTC, ile inayotumika kwa simu za video, inaweza kushuka chini ya sekunde moja. Lakini ibada haina haraka hiyo. Shangazi aliye Ujerumani akisikia "Amina" nusu dakika baadaye hajapoteza kitu. Haraka inahitajika pale tu msikilizaji anapopiga simu na kujibiwa palepale.

Kuganda ndilo tatizo lenu, na dawa yake iko upande wa kupandisha, yaani kutoka kanisani kwenda kwenye seva. Video ya 720p inataka megabiti 2 au 3 zinazopanda bila kutetereka. Pimeni Jumapili saa ya ibada, si Jumanne mchana, kwa sababu Jumapili simu za waumini wote zinagombea mnara mmoja. Kasi ikiwa ndogo, teremsheni picha hadi 480p, na sauti msiiguse. Watu huvumilia picha yenye ukungu, lakini sauti inayokatakata hakuna anayeivumilia hata kama kwaya inaimba kama malaika.

Na jambo hili nawasihi: rekodini pia kwenye kadi, palepale kanisani. Mtandao ukianguka, mahubiri yabaki. Baadaye mkate mahubiri peke yake yawe podikasti ya sauti. Nyimbo za watunzi wengine msiziweke humo kabla ya kuulizia haki zake COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

MP3 au Opus? (Fundi, Sakina)

Kwa mlisho mkuu weka MP3. Inachezwa na kila kitu, hadi redio ndogo za kuchomeka kadi, na hataza zake, yaani haki za waliyoivumbua, zilikwisha 2017. Opus, namna nyingine ya kubana sauti iliyosanifishwa 2012, ni bora zaidi kwa maongezi: kwa kilobiti 32 tu inasikika vizuri, yaani MB 14 na ushee kwa saa. Itumie kama umbo la pili, na kwa vipande unavyotuma WhatsApp.

Jukwaa kubwa linanipa nafasi bure, linahesabu watazamaji, linaweka hadi matangazo. Kwa nini nilipie seva yangu na mlisho wa RSS? (Mtangazaji kijana, Njiro)

Hili nitalijibu kwa kisa cha hapa nyumbani. Kuanzia miaka ya 1960, studio ya Sauti ya Injili pale Moshi ilirekodi vipindi vya Kiswahili kwenye kanda, na kanda zikasafirishwa hadi Addis Ababa. Huko kulikuwa na mitambo ya masafa mafupi ya redio ya Walutheri iliyoanza kurusha mwaka 1963. Watu wa vijijini huku walisikia sauti za wenzao wa Moshi zikirudi kutokea Ethiopia. Mwaka 1977 serikali ya Ethiopia ikaitaifisha redio ile. Mtambo ukaenda, lakini studio na watangazaji wa Moshi walibaki, na kazi ikaendelea kwa njia nyingine, hadi leo Sauti ya Injili inasikika.

Jukwaa ni mtambo wa Addis Ababa. Litumie, maana linafika mbali kuliko wewe. Ila kanda ziwe zako, na orodha ya wasikilizaji iwe yako. Mwaka 2024 Google waliifunga Google Podcasts. Aliyekuwa na mlisho wake wa RSS hakupoteza kipindi hata kimoja. Wasikilizaji walihamia programu nyingine na kuendelea.

Kuhusu hesabu, uko sahihi kwamba utiririshaji unahesabu vizuri zaidi. Faili likipakuliwa, seva haijui kama lilisikilizwa. Vipande vikiombwa kimoja kimoja, seva inaona mtu alipoondoka, dakika ya nne au ya arobaini. Hilo litakufundisha kazi: ukiona wengi wanaondoka wakati wa salamu ndefu, fupisha salamu. Litumie kwa heshima, kwa sababu ni mwenendo wa watu waliokuamini. Na matangazo yanayochomekwa na mashine hukuyachagua wewe. Podikasti ya wazazi ikikatizwa na tangazo la kubeti, msikilizaji atakulaumu wewe, na nitakuwa upande wake.

Nahitaji leseni? (Asiyetaka kutajwa, Arusha)

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Masharti yamebadilika katikati, kwa hiyo usifuate alichoambiwa jirani miaka ile. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapo hapo Arusha. Nenda na maelezo ya kipindi chako kwenye karatasi, uulize, na uombe jibu la maandishi.

Mwanangu, nina kaseti kama arobaini. Marehemu baba aliwarekodi wazee wakisimulia mambo ya Machame, kwa Kimachame na Kiswahili. Wajukuu wanasema tuziweke podikasti, tena yenye picha. Inafaa? (Mzee, Machame)

Shikamoo mzee. Barua yako nimeisoma mara tatu. Inafaa, na inafaa sasa, kwa sababu utepe haungoji.

Kabla ya yote, vunjeni vile vijino viwili vya mgongoni mwa kila kaseti ili isiweze kurekodiwa juu yake kwa bahati mbaya. Kichwa cha mashine kisafishwe kwa pamba na spiriti. Kila kaseti izungushwe mbele hadi mwisho na kurudishwa mara moja, utepe uachane, ndipo ichezwe. Rekodini kwa WAV, yaani sauti isiyobanwa, kilohezi 48, biti 24. Saa moja ya stereo ni kama GB 1. Kaseti arobaini za dakika 60 zinaenea kwenye diski ndogo ya GB 64. Tengenezeni nakala mbili, moja ibaki Machame na nyingine iende kwa ndugu mahali pengine. Hiyo ndiyo asili, isiguswe. Kinachotiririshwa mtandaoni ni nakala nyepesi iliyotolewa humo, na teknolojia ikibadilika tena mtatoa nyingine.

Picha si lazima. Picha moja ya baba yako, au ya kihamba, shamba la ukoo, alichorekodia, inatosha kukaa kwenye skrini. Maandishi yatawafaa zaidi, maana podikasti za sasa zinaweza kubeba maneno yanayosomeka wakati sauti inaendelea, na mjukuu aliyekulia Dar es Salaam atasoma Kiswahili huku akisikia Kimachame. Mashine za kuandika maneno zinajitahidi kwa Kiswahili. Kwa Kimachame msizitegemee, kaeni nayo wenyewe.

Kuna kazi moja, mzee, ambayo hao wajukuu hawawezi kukufanyia. Kabla ya kila kaseti, waambie wawashe maiki, useme kwa sauti yako: huyu anayeongea ni nani, wa ukoo gani, mlikuwa kwa nani, ilikuwa msimu gani. Siku ya kwanza mtakayokaa, anzeni na zile ambazo maandishi ya lebo yamefutika.