Nioneshe Mgongo: Majibu kwa Wanunuzi wa Ala za Bastola Mtandaoni

Maswali ya mara hii kuhusu ala za kijeshi za zamani, yaani mifuko ya kuvalia bastola, ni mengi, na nusu yake ni swali moja. Hilo nalitanguliza ili tusirudi tena huko.

Mzee, hii ni orijino? (Picha moja, ya mbele.) — Fuoni, Jang'ombe, Mkoani na wengineo

Sijui. Na muuzaji wako anafurahi kwamba sijui, ndiyo maana kapiga picha ya mbele tu. Ala za kuigiza, ambazo nyingi zinashonwa India, uso wake mara nyingi ni mzuri kuliko wa ala ya kweli. Nataka mgongo, ndani ya kifuniko, kitanzi cha mkanda na ukingo wa ngozi pale ilipokatwa.

Ngozi za kijeshi za wakati ule zililainishwa kwa maji ya magome ya miti, kwa hiyo ukingo wake ni wa kahawia mpaka kati. Ukiona katikati pana ukijivu wa kibuluu, hiyo ni ngozi iliyotengenezwa kwa kemikali ya kromu na kupakwa rangi juu, na uanze kuwa na wasiwasi. Uzi uwe wa kitani au pamba. Ala ikishafika mkononi, imulike kwa ile tochi ya zambarau wanayokagulia noti: uzi wa kisasa mara nyingi hung'aa. Uking'aa mahali pamoja tu, huenda fundi alirekebisha mshono, si lazima iwe bandia.

Halafu tazama chapa. Ngozi ikichakaa, herufi huchakaa nayo. Mikwaruzo ya zamani inapaswa kupita juu ya herufi. Herufi ikiwa imeukata mkwaruzo, chapa imepigwa juzi juu ya ngozi kuukuu. Muuzaji asiyetaka kukupigia picha nne zaidi kwa kitu cha pauni mia, ameshakujibu.

Nimeona ala ya Luger, ile bastola ya Kijerumani, muuzaji wa Ujerumani anasema ilikuwa ya afisa wa Lettow-Vorbeck, imetoka Tanga. Mgongoni pana jina la mtengenezaji, 1939, WaA na P08. Anataka bei kubwa. Ninunue? — Chake Chake

Umejijibu mwenyewe, ndugu yangu, ila hukusoma ulichoandika. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza, alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Ala yako ina chapa ya 1939. WaA ni alama ya wakaguzi wa silaha wa jeshi la Ujerumani la miaka ya 1930 mpaka 1945. Afisa wa Tanga angeivaa vipi?

Hii haina maana kwamba ala ni bandia. Inawezekana kabisa ni ala safi ya Vita vya Pili, nayo ina thamani yake. Iangalie kwa haki yake: ala ya P08, ambalo ni jina la kijeshi la Luger, ina mfuko wa magazini (kibebeo cha risasi) ya akiba ukingoni mwa mbele, na chini ya kifuniko kuna kijifuko cha bisibisi. Jina la kiwanda na mji huendana na mwaka kama huo wa 1939. Kuanzia kama 1941 majina yalianza kufichwa kwa herufi tatu ndogo, na mwishoni mwa vita ukakuta namba ndefu zinazoanza na RBNr. Kwa hiyo ala yenye jina kamili la kiwanda na mwaka 1944 inataka maelezo, na yenye herufi tatu na mwaka 1937 inataka kuachwa.

Lipa bei ya ala ya 1939. Ile Tanga usiilipie hata senti. Wauzaji wa nje wanajua sisi tunalegea tukisikia majina ya kwetu. Mwingine atakwambia ni ya baharia wa Pegasus, ile manowari ya Waingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani hapa bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Mwingine atakupeleka kwenye vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896, ambavyo havikufika hata saa moja, lakini kwa wingi wa ala zinazodaiwa kutoka huko ungedhani vilipiganwa miaka saba. Mwambie akuletee karatasi: barua, picha yenye jina, kumbukumbu ya kikosi. Hana? Basi ni ngozi na chapa tu, na hizo ndizo unazolipia.

Ala ya Marekani nyeusi ya mtindo wa M1916, "ya Vita vya Pili". Kweli? — Mkunazini

Vita vya Pili walivaa ya kahawia. Nyeusi ni ya miaka ya 1950 na kuendelea. Lakini geuza: nyingi za kahawia zilipakwa rangi nyeusi zitumike tena, na mgongoni utakuta bado pameandikwa BOYT 43 (kiwanda na mwaka 1943) au jina la Sears au Enger-Kress. Chungulia ndani, kahawia hujificha huko. Hiyo ni ya vita kweli, ila bei yake iwe chini ya ile iliyobaki na rangi yake.

Ala yangu imekauka. Niipake mafuta ya nazi? — Wete

Usithubutu. Wala ya nazi, wala ya kupikia, wala ile dawa ya viatu ya fundi wa Darajani. Mafuta hutia ngozi weusi usioondoka, huvuta vumbi, na katika unyevu wetu wa masika hukaribisha kuvu. Yale mafuta yakikutana na shaba ya kifungo na riviti, ndipo unapopata ule uchafu wa kijani unaonata. Uondoe kwa kijiti cha mti, pakavu, polepole.

Kama vidole vinatoka na vumbi jekundu, hiyo ni ngozi iliyoliwa na asidi. Haiponi. Mafuta yataigeuza tope. Na hili ni la kumuuliza muuzaji kabla ya dau, si baada: "Ukisugua kidogo, inatoa unga?" Ihifadhi ndani ya boksi la karatasi au kitambaa cha pamba, ukijaza karatasi nyeupe ndani ili isibonyee, pamoja na vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja na viatu. Mfuko wa plastiki ni jasho tupu.

Nilishinda mnada kwa pauni 100, nimeletewa hesabu ya karibu mara mbili. Nimeibiwa? — Kiembesamaki

Hukuibiwa, hukusoma masharti. Nyumba za mnada huongeza ada ya mnunuzi. Ikiwa ni asilimia 25, mia yako imekuwa 125. Uingereza hutozwa kodi ya asilimia 20 juu ya ile ada, basi 130. Weka usafirishaji. Kisha forodha hapa hawahesabu bei peke yake, wanahesabu pamoja na usafiri na bima.

Anzia mwisho: amua jumla utakayoweza kutoa hadi mlangoni kwako, urudi nyuma mpaka upate dau. Liandike dau hilo mara moja, mtambo wa mnada ukupandishie wenyewe, ukalale. Wanaoumia ni wale wanaokaa saa sita za usiku kugombana na mtu wa Ohio kwa pauni tano tano.

Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, kaacha ala ya turubai. Nimeambiwa ya ngozi ndiyo yenye thamani, niibadilishe? — Micheweni

Nani kakwambia? Waingereza wa Vita vya Pili walitumia turubai la mtindo wa 1937. Ya babu yako ndiyo sahihi. Tafuta ndani yake alama ya mshale mpana ya serikali ya Uingereza, na mwaka. Usiibadilishe na mtu, na jina lake liandike kwenye karatasi, si juu ya ala.

Naweza kuivaa harusini na kombati? — Makunduchi

Hapana. Mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba watu warudishe mavazi ya kijeshi, na hawakuwa wanatania. Na la mwisho, kwa wote mnaoagiza: mwambie muuzaji aandike juu ya kifurushi ukweli mtupu: ala ya ngozi ya kale, haina silaha ndani. Anayekushawishi aandike "pochi" ili upite haraka, mwache na ala yake.